Neno Moja la Chimini

Kila asubuhi kule Barawa, mji wetu wa pwani ya Somalia, baba alikuwa akishona makubadhi na kuimba ovyo, mama akimcheka. Nyumbani tulisema Chimini, lugha yetu ndogo iliyo jirani na Kiswahili. Sokoni tulisema Kisomali. Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua kwamba lugha yaweza kuwa kitu cha kuficha.

Vita vilipokaribia, mama aliniweka kitako. "Kuanzia leo ni Kisomali tu, hata ndotoni." Wenye bunduki waliwaonea zaidi watu kama sisi, tusio na ukoo mkubwa wa kutulipizia kisasi.

Walikuja watatu, mchana. Baba alijificha stoo, nyuma ya ngozi. Mama aliwaambia kwa Kisomali safi kwamba sisi ni wa ukoo wao, na mumewe kasafiri. Mmoja akaniomba maji.

Nikamletea mbio.

Kikombe kikaanguka.

"Maayi!" nikapiga kelele. Maji, kwa Chimini.

Yule mtu akamgeukia mama, akatabasamu. Kisha akamnyooshea bunduki.

Baba akatoka mwenyewe. Alinigusa kichwa akipita. Hatukumwona tena.

Leo naishi Chang'ombe, Temeke, jijini Dar, nashona nguo. Mimi na mama tulipokimbilia huku, aliongea Chimini chake sokoni bila woga. Wauza samaki walidhani katoka visiwani, wakampenda kwa matamshi yake, naye hakuwasahihisha. Mie nilikataa. Miaka yote akiniuliza jambo kwa Chimini, nilimjibu kwa Kiswahili cha Dar. Hakunikemea hata siku moja.

Mwaka juzi, akiwa mgonjwa kitandani, nikalitoa la moyoni. "Mama, mie ndiye niliyemuua baba."

Akanishika mkono. "Mtaani kwetu Barawa waliishi watu wetu watupu, mwanangu. Walitujua kabla hujafungua mdomo."

Sijui kama ni kweli, au ni huruma ya mama. Siku ile ile nikaanza kumjibu kwa Chimini. Maneno mengi yalikuwa yamenipotea; nilichapia kama mtoto, naye akanisahihisha huku akicheka mpaka kikohozi kinamkaba.

Tulipata wiki tatu. Wanangu wanajua Kiswahili cha Temeke tu, na sasa nikikosea, hakuna wa kunisahihisha.