Dama na Kijerumani Chake

Dama Changawa alizaliwa mtaa wa Junda, huko pwani, na tangu alipoanza kusema ulimi wake ulikuwa mzito. Akiitwa na mkubwa, "abee" ilimkwama kooni, na aliyemwita akaona mtoto huyu hana adabu. Shuleni alizoea kunyamaza. Alipasi vizuri, lakini sauti yake wachache waliijua.

Alipoingia chuo kikuu kusomea utalii, ilibidi achukue lugha moja ya kigeni, akapangiwa Kijerumani. Mwalimu wao, Bi Eddah, aliwaambia kwamba darasa ni kubwa na hawezi kumsikiliza kila mmoja. Waweke kwenye simu programu ya kujifunzia lugha, iwasomee sentensi nao waijibu kwa sauti.

Dama alijifungia chumbani, akabonyeza mahali pa kusemea. Neno la kwanza likamkwama. Simu ikasubiri. Haikumkazia macho wala haikummalizia neno, kama watu walivyozoea kumfanyia. Alipokosea, ilimrudishia sentensi ile ile kwa upole ule ule, naye akajaribu tena. Miezi ikapita hivyo.

Babake, mzee Changawa, hufanya vibarua bandarini. Siku moja alirudi mapema akasikia mwanamke anazungumza chumbani kwa lugha asiyoijua, maneno yakimtoka bila kusita. Akamwuliza mkewe, Nyamvula, aliyekuwa akichuja tui, "Tuna mgeni?"

"Hatuna. Ni Dama."

"Dama yupi?"

"Wako. Hata mimi nilidhani ni simu, nikachungulia. Ni yeye anayesema."

Wakasimama nje ya mlango, wote wawili, wasithubutu kubisha. Changawa alivua kofia, akabaki ameishika mkononi. Kwa miaka yote aliyomlea, hakuwahi kujua mwanawe ana sauti nene namna ile.

Siku ya mtihani wa kuzungumza, Bi Eddah alimwuliza kwa Kiswahili ataeleza habari gani. "Ya ma-ma-ma..." Wenzake wakainamisha vichwa kwa kumwonea huruma. Dama akavuta pumzi, akaanza kwa Kijerumani. Akaeleza mamake anavyopika samaki wa nazi, na kijia kinachoteremka kutoka kwao hadi kwenye mikoko. Hakukwama hata mara moja. Vichwa vikainuka. Bi Eddah aliacha kuandika, akamwuliza swali ambalo halikuwa la mtihani, kisha jingine, ili tu aendelee kumsikia.



"Nimefundisha miaka mingi, Dama," Bi Eddah akasema polepole alipomaliza. "Sijawahi kumsikia mwanafunzi akizungumza hivi."

Dama mwenyewe hakujua kwa nini lugha ya watu wa mbali ilimfungulia njia ambayo lugha ya mamake ilimfungia. Hata leo hajui. Kwa Kiswahili bado anakwama.

Jioni ile, walipoketi kula, babake alimwomba aombee chakula, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwomba. "Kwa lugha yoyote," akasema. "Mungu atasikia."

Dama akafumba macho, akaomba kwa Kijerumani, sala ndefu, sauti ikijaa chumba kizima. Nyamvula alitambua jina lake mwenyewe ndani ya sala ile, akashika ukingo wa meza.

"Amina," akasema Changawa. Wengine walishafumbua macho. Yeye alikaa vile vile, ameinamisha kichwa, na hakuna aliyegusa wali.