Upanga wa Vita vya Ndugu Wawili

Hakuna cha kunishangaza mimi, niliyeanza kwa kuosha magari mtaa wa Manfuha, Riyadh, na leo nina malori tisa. Juzi, kwenye duka la vitu vya kale mtaa wa Dira, dada muuzaji alichomoa upanga, na harufu ya samli na kutu ikanirudisha utotoni Jeddah. Bosi wa baba alikuwa na upanga kama huo. Babu yake alipigana nao katika pambano kubwa la ndugu wawili waliogombea utawala wa Riyadh. Siku ya Idi bosi alimpa kaka yangu upanga huo achezee ngoma yao ya mapanga. Nami nikanyoosha mkono.

"Wewe, yalla, haraka, leta kahawa!" bosi akasema.

Kaka akacheka: "Bwana mdogo, hiki si kijiko."

Nilileta kahawa kwa wivu, na mpaka leo kaka anajisifia upanga ule kwenye kila harusi.

"Huu ni mpya, ami, umezeeshwa kwa chumvi," muuzaji akanionya.

"Nifungie tu. Kaka hatajua."

Nikalipa riyali elfu nne, mia sita na hamsini.