Muuza nyama aliyerudi darasani kuuliza soko lilianzaje

Saa moja asubuhi, paja la ng'ombe limelazwa juu ya gogo na shoka liko hewani.

"Taja sababu nne za watu kuhama vijijini kwenda mijini," anasema mwanamke aliyeketi nyuma ya mizani.

Shoka linashuka. Mfupa unapasuka. "Ajira," anajibu mwenye shoka. Linashuka tena. "Huduma za jamii. Uhaba wa ardhi." Kisha anasita, shoka likiwa begani.

"Baba mkwe!" anapaza sauti mteja mmoja kwenye foleni. "Mimi nilihama kwa sababu ya baba mkwe, andika hiyo!"

Bucha zima linaangua kicheko. Mwanamke wa mizani, ambaye ni mke wa mwenye shoka, hacheki. "Hiyo haina alama," anasema huku akimfungia mteja huyo maini yake. "Haya, ya nne?"

Hivi ndivyo siku inavyoanza katika bucha hili dogo lenye vigae vyeupe, jirani na lango la soko. Mwenye shoka ana umri wa miaka thelathini na sita. Sokoni wanamwita Steki, na wengi itabidi wakune kichwa kabla ya kulikumbuka jina alilopewa na wazazi wake. Ikifika saa tisa alasiri anavua aproni, ananawa hadi viwikoni kwa sabuni na ndimu, kisha anakwenda shule ya sekondari iliyo nyuma ya soko. Huko yeye ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika darasa la watu wazima. Anasoma historia, jiografia, uraia na fasihi.

"Harufu ya nyama haitoki yote," anasema. "Wenzangu wakishikwa na njaa katikati ya kipindi, lawama ni zangu."

Si mara yake ya kwanza kufika mwaka wa mwisho. Alipokuwa kijana aliufikia akisoma sayansi, kwa amri ya baba yake, ambaye naye alikuwa muuza nyama.

"Baba alitaka daktari wa mifugo. Alisema, mimi nawachinja, wewe utawatibu, hela yote itabaki nyumbani." Anacheka, kisha uso unatulia. "Kemia ilinishinda. Nilikuwa naitazama ile milinganyo kama mbuzi anavyotazama gazeti. Mtihani ulipokaribia nikaacha, nikashika shoka. Nikajiambia mimi si mtu wa shule, na nikaamini hivyo miaka kumi na saba."

Kilichomrudisha ni msiba. Bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu anatambaa, alifariki akiwa na umri wa karibu miaka tisini. Wajomba wakamwambia yeye, kwa kuwa alifika mbali kidogo shuleni, aandike wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini.

Steki akachukua kalamu, akaanza kuuliza. Bibi alizaliwa wapi? Mjomba mmoja akasema huku, mwingine akasema kule. Walikuwa wangapi kwa mama yao? Wakahesabu kwa vidole, wakapishana. Kabla ya kuolewa alikuwa akifanya kazi gani? Wakamwambia aandike tu kwamba alikuwa mama mwema.

"Nilipata mistari minne," anasema, "na miwili ilikuwa ya kuwashukuru waliohudhuria. Mtu aliyenibeba mgongoni, tukamzika kama mgeni. Na si kwamba hakutaka kusema, maana bibi alikuwa msemaji huyo! Hakuna aliyemuuliza."

Mwezi haukuisha, akabisha hodi ofisi ya shule. Karani akamuuliza anataka masomo gani. "Nikamjibu, yale yanayohusu watu."

Nyumbani mambo hayakuwa laini. Baba yake, mzee wa miaka sabini na mbili aliyemwachia bucha magoti yalipogoma, aliipokea habari hiyo kama matusi.

"Mwanamume mzima, una mke, una watoto, unaacha nyama inadoda unakwenda kusoma porojo?" Steki anaiga sauti ya baba yake vizuri kiasi kwamba mkewe anageuka kutazama kama mzee ameingia. Kwa muda mrefu baada ya hapo, baba na mwana walizungumza habari za nyama tu. Ng'ombe amefika? Amefika. Basi.

Aliyemsukuma ni mke. "Nilimwambia aende," anasema bila kuinua macho kwenye mizani. "Mwanamume mwenye kitu moyoni hakati nyama vizuri. Anaweka mifupa mingi, wateja wanakimbia." Anakiri kwamba kwa kumuuliza mumewe maswali kila asubuhi, naye ameanza kuyaelewa. "Mtihani ungeletwa leo hapa dukani, wala nisingemwomba anionyeshe."

Mtihani wenyewe si kazi ngumu kuliko zote mwaka huu. Kazi ngumu ilikuja katika somo la historia, mwalimu alipomtaka kila mwanafunzi akusanye masimulizi ya mahali anapopajua. Steki akachagua soko lake. Wakati huohuo kamati ya soko ilikuwa inajenga lango jipya na kutaka kuweka kibao chenye jina la mwasisi. Waliposikia Steki anasoma historia, wakamtwika mzigo huo. Atuambie yeye, walisema, kwani si ndiyo anasomea?

Akaanza na baba yake. Akaketi mbele yake na karatasi ya maswali, akasoma la kwanza: "Soko lilianzishwa lini, na kwa madhumuni gani?"

Mzee akaisukuma karatasi pembeni. "Umekuja kunihoji au kunikamata?" Akageukia ukutani.

Mwalimu wake wa historia ni binti aliyezidiwa umri na Steki kwa miaka tisa. Ni mteja wa bucha pia, na husimama kwenye foleni kama wengine. Anasema Steki alimjia akiwa amekata tamaa. "Nikamwambia, kaka, karatasi iache hapahapa shuleni. Mtu haulizwi maisha yake kama anaandikishwa. Fanya naye kazi kwanza."

Jumapili iliyofuata, Steki alibeba visu vyote vya dukani na jiwe la kunolea, akaketi kando ya baba yake uani, wakaanza kunoa. Wakamaliza visu viwili. Cha tatu akiwa nacho mkononi, akauliza kama mtu anayejisemea: "Hivi baba, kisu chako cha kwanza ulikipata wapi?"

Mzee alizungumza mpaka chakula cha mchana kikapoa. Alimsimulia habari za marehemu kaka yake, aliyefika hapo na mbuzi wawili wakati pakiwa vichaka vitupu kando ya barabara, akatundika nyama kwenye nguzo ya simu kwa kukosa pa kutundika. "Soko hili ni la kaka yangu," alisema. "Kaandike hivyo."

Steki angeandika hivyo na mambo yakaisha, lakini mwalimu alikuwa amewaagiza wasitosheke na mdomo mmoja. Akaenda kwa Bi Vitunguu, mfanyabiashara mkongwe kuliko wanawake wote sokoni.

"Nani, yule wa mbuzi?" Bi Vitunguu alisema. "Yule alitukuta, mwanangu. Tulikuwa wanawake watano, tumetandika magunia chini. Alipokuja tukamfukuza, tukamwambia damu yako itatuletea inzi kwenye nyanya. Akang'ang'ania kama kupe."

Siku hizo Steki hakuwa na hamu ya kula. "Nikiandika la Bi Vitunguu, namvua baba nguo hadharani. Nikiandika la baba, nawafuta wanawake watano. Bibi yangu nilimfuta kwa kutouliza. Hawa ningewafuta huku najua."

Akaamua kumwambia baba yake ana kwa ana. Mzee akaja juu. Alisema marehemu kaka yake hatasingiziwa na wauza nyanya, na kwamba kibao hicho bora kisiwekwe kabisa. Wakarudi kulekule kwa ng'ombe amefika, amefika.

Maneno sokoni hayana mlango. Siku ya tatu Bi Vitunguu mwenyewe aliingia uani kwa mzee, akiwa amebeba kigoda chake, akakiweka mbele yake na kuketi. Mke wa Steki alikuwepo, akijifanya anasugua masinia, na ndiye anayesimulia.

"Wewe mzee," Bi Vitunguu alianza bila hata salamu, "kaka yako alitukuta, hakutukuta?"

"Awakute wapi? Palikuwa vichaka vitupu!"

"Na vichaka alivifyeka nani? Haya, nikuulize. Mbuzi wake wa kwanza alimchinja kwa kisu cha nani?"

"Alichinja kwa panga," mzee alisema taratibu. "Panga la mpini mwekundu. Alikuwa anasema aliliazima kwa mwanamke mmoja mkali sana."

"Mkali ndiye mimi. Na hajalirudisha mpaka leo."

Mke wa Steki anasema baba mkwe wake alicheka mpaka akapaliwa, na ikabidi aletewe maji. Wazee hao wawili walikaa hapo hadi jua likapungua, huyu akianza habari na yule akimalizia. Steki aliporudi kutoka shule, baba yake alimwita kabla hajavua viatu.

"Andika," alimwambia. "Waanze hao wanawake watano, kaka yangu afuate. Lakini ile nguzo ya simu usiiache."

Kibao sasa kiko langoni. Majina matatu ya wanawake hao Bi Vitunguu aliyakumbuka papo hapo, mawili yakatafutwa kwa kuulizana kibanda kwa kibanda. Siku ya kukifunua, mama mmoja aliyekuja kutoka mbali alilipapasa jina la mama yake kwa vidole, herufi moja moja.

Mwalimu hamsifu kupita kiasi. "Ile kazi ina makosa ya tahajia ya kutosha kujaza gunia," anasema. "Lakini alikwenda kwa watu wawili waliopingana, akawasikiliza wote wawili. Hilo wengi hulisoma tu, hawalifanyi."

Zimebaki wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho, na si kila kitu kiko sawa. Usomaji wa ramani unamtoa jasho. Katika mtihani wa majaribio, mistari ya kontua ilimpoteza, akauona mlima mahali penye bonde. Anarudia kila jioni, na anasema safari hii hakimbii.

Jambo la nani atasimama kwenye gogo siku za mtihani limekwisha kuamuliwa. Wiki iliyopita mzee aliomba aproni yake ya zamani ifuliwe. Tangu hapo huja kila asubuhi kupima mkono, mkwewe akimwekea kiti cha kupumzisha magoti.

Matokeo yakiwa mazuri, Steki anataka kujiunga na chuo cha ualimu. Ndoto yake ni kufundisha historia katika darasa hilohilo la watu wazima alasiri, na asubuhi kubaki na shoka lake. Kabla ya hapo anataka kuketi na wazee wote wa soko, mmoja mmoja, wakiwa bado wana pumzi ya kusimulia.

Leo foleni imekwisha mapema. Mzee, aliyekuwa akisikiliza mazungumzo haya kwenye kiti chake mlangoni, anakohoa.

"Ualimu," anasema, kama mtu anayeonja mchuzi. "Haya, mwalimu. Kabla wateja hawajarudi, hebu nisomee tena pale pa kaka yangu."

Steki anafuta mikono, anachukua kazi yake ya historia iliyo kando ya mizani, anavuta kigoda karibu na baba yake, na kuanza kusoma kwa sauti.