Kanda za Bibie

Kila kanda ya Bibie niliyowahi kuitia mkononi ina jogoo ndani yake. Huwika katika wimbo wa pili, pale ngoma zinaponyamaza kidogo, na baada yake mtoto hukohoa. Jogoo alikuwa wetu, na mtoto huyo ni mimi. Nimemkuta jogoo yule Pate, nimemkuta Matondoni, nimemkuta hata Kiunga kwa mama mmoja aliyeihifadhi kanda yake ndani ya kopo la maziwa ya unga. Jogoo mwenyewe tulimla Idi moja ya zamani, wala sikumbuki kama alikuwa mtamu.

Bibie ni jina tulilompa sisi. Jina lake la kweli hatukulijua. Alikuwa mwimbaji wa disko wa huko bara, wa enzi za suruali za bugaluu, na aliyemleta Lamu ni mama yangu. Palikuwa na muuguzi kutoka bara aliyepanga chumba kwetu, na alipohamishwa alimwachia mama santuri moja kubwa, imetiwa katika bahasha ya kaki, karatasi yake ya jina imebanduka, zawadi ya kuagana. Muuguzi mwenyewe hapa hakuwa na chombo cha kuipigia. Mama akaazima gramafoni kwa jirani, akaisogeza karibu na redio yake ya kaseti, akabonyeza kitufe cha kunasa sauti, akatuamuru sote tunyamaze. Mimi nilikuwa na kifua. Jogoo hakuamrishika. Siku chache baadaye santuri ilisahauliwa juani, ikajikunja kama chapati, ikabaki ile kanda peke yake. Hiyo ndiyo iliyozaa kanda zote za visiwa hivi.

Wakati ule mama alikuwa hana mume wa kumtegemea. Baba yangu alikwenda Arabuni kutafuta, akaoa huko, akakaa kimya. Hakurudi hata kuniona uso. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa, na hivyo ndivyo nilivyowaambia watu wengine maisha yangu yote. Tulipoletewa habari kwamba amefia Mombasa nilikuwa mtu mzima, nina wanangu. Nilipokea mkono wa tanzia kama mtu anayepokea chenji. Sikutoa chozi.

Basi mama akawa anawanakilia wanawake kanda. Walituma watoto na kanda tupu, na jioni watoto wakarudi na Bibie. Ajabu ni kwamba nyanya yangu alikubali. Nyanya alisomesha Kurani wasichana wa mtaa mzima, na hakutaka kabisa kusikia mwanamume akiimba mahaba katika chumba ambamo wanawake wamevua mabuibui. Kwake ilikuwa ni sawa na kumwingiza mwanamume mwenyewe akaketi kitandani. Lakini Bibie alimsikiliza mpaka mwisho, akasema huyu ni mwanamke mwenzetu, hana neno. Kwa ruhusa ile Bibie aliingia katika kila harusi. Maharusi walipambwa kwa nyimbo zake, wakasingwa manukato kwa nyimbo zake, na wanawake walikata viuno kwa kasi ambayo wageni kutoka bara waliokuja kutazama walishindwa kuifuata. Tuliwacheka. Tuliona bara watu wana miili mizito.

Mama hakumpenda Bibie kwa ajili ya ngoma. Alimpenda kwa wimbo wa mwisho, tuliouita wimbo wa mlango. Mtu amesimama nje ya mlango uliofungwa, anakiri kosa lake, analia, anaomba. Maneno yake nayajua kama Fatiha: "Nifungulie, japo ni kunifukuza, nifungulie unione." Mama alisema wimbo ule hauwezi kutoka kinywani mwa mwanamume. Mwanamume hasemi hivyo, na ukimsikia anasema hivyo, ujue anaigiza. Nililishika neno hilo, nikaolewa nalo, na sikwambii mume wangu ameteseka nalo vipi.

Kuna alasiri moja ambayo nimewasimulia wanangu mpaka wameichoka. Nilikuwa mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Mama alitoka sebuleni akafunga mlango wa ndani kwa komeo, akamfungulia Bibie mpaka mwisho wa sauti, akanishika mikono miwili tukacheza. Mama hakuwa mtu wa kucheza na watoto, na kwa hiyo nilifurahi mpaka nikapaliwa. Alipiga wimbo wa mlango, akaurudisha nyuma, akaupiga tena, na tena, hadi betri zikaanza kuisha. Sauti ya Bibie ikazama polepole, ikawa nzito kama ya mwanamume. Nilijitupa mkekani kwa kicheko. Mama hakucheka. Alisema Bibie amechoka, akazitoa betri za tochi mbio mbio akazitia kwenye redio, tukaendelea. Katika utoto wangu sina siku nyingine ya furaha kama ile.

Miaka ilipita na kanda ya kwanza ilitafunwa na redio. Zile nyingine, watu walinasa kasida juu yake, au ziliota ukungu. Mama alipoanza kusumbuliwa na moyo ndipo nilipoanza kuzikusanya. Nilipanda boti hadi Mtangawanda, nikauliza nyumba kwa nyumba kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kililana nilipewa kanda iliyokatwa nusu. Yule mama wa Kiunga, ambaye zamani alikaa katika kichochoro chetu, alinipa yake bure, akaniuliza kama baba yangu ndiye yule aliyekuwa akikaa dakani, pale barazani mlangoni kwetu. Nikamwambia amenichanganya na mtu mwingine, baba yangu hakurudi. Akaniangalia, akaniongezea samaki wakavu.

Nyimbo zote nilizipata, isipokuwa wimbo wa mlango. Ulikuwa mwisho wa kanda, na mwisho wa kanda ndipo panapokatika, ndipo watu wanaponasa mambo yao. Mama naye macho yamefifia, anaona mwanga na vivuli, na kazi yake kubwa ni kuniuliza nimefika wapi. Hakuwa akilia. Alisema kama anayenituma dukani: nautaka wimbo wa mlango kabla sijafa, fanya haraka.

Sasa tuna mpangaji mwingine kutoka bara, mwalimu wa kike, yuko juu katika chumba kile kile cha muuguzi. Siku moja alishuka akakuta nasikiliza, akasimama na ndoo yake mkononi. Alisema maneno haya anayajua, baba yake ana santuri ya nyimbo hizi nyumbani, lakini kuna kitu hakielewi. Sikungoja akielewe. Nilimshika mkono nikamwomba, shule zikifungwa, aniazimie. Mwalimu ni mtu wa ahadi. Shule zilipofunguliwa alirudi na santuri na gramafoni ya mkoba, vyote ameviviringisha katika blanketi.

Jalada la santuri lilikuwa na picha ya mwanamume. Masharubu, nywele zimetimka, bugaluu nyeupe, shati wazi hadi kitovuni. Nikajua huyo ni mkubwa wa bendi. Bibie, nikafikiri, wamemficha nyuma, kama kawaida yao.

Mama tulimketisha kitandani na mito mgongoni. Amejifunga leso mpya. Mwalimu akaishusha sindano moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho. Gita likaanza, polepole, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Kisha mwanamume, kwa sauti nzito iliyochoka, akaomba afunguliwe mlango.

Nilimwambia Mwalimu mashine yake imeharibika. Akasema haijaharibika. Nikamwambia basi betri zimekwisha, akanionyesha waya ulioingia ukutani. Akaniuliza kwa adabu kama labda nilikuwa nautaka wimbo mwingine. Nikasema wimbo ni huu huu, mtu ndiye siye.

Mwalimu akainamia mashine, akafikiri. Akaniuliza siku ile mama aliponasa, ile gramafoni swichi yake ilikuwa wapi. Swichi gani? Akanionyesha: alama moja ya santuri kubwa, ambazo huzunguka taratibu, na moja ya santuri ndogo, ambazo huzunguka mbio. Lamu ya wakati ule santuri zote tulizozijua zilikuwa ndogo, wimbo mmoja kila upande. Gramafoni ya jirani hakuna aliyewahi kuigusa swichi yake, ilikaa kwenye ndogo siku zote. Mwalimu akaisukuma kwenye alama ya ndogo, akaurudia wimbo. Akatoka Bibie.

"Subhanallah," nikasema. Niliwaona wanawake wa visiwa vyote hivi, wako ndani, milango imekomewa, mabuibui yametundikwa, wanakata viuno mbele ya bwana mwenye masharubu. Niliwaza maharusi waliosingwa. Nilimwaza nyanya kaburini mwake. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa. Nikainuka nikafunga madirisha, utasema mtaa ungeingia kutukamata.

Kisha nikamkumbuka mama na moyo wake. Alikuwa ameweka kiganja kifuani, ametulia. Alimshukuru Mwalimu, akamwombea baba yake dua, akamwambia chai iko jikoni. Ndivyo anavyowaondoa watu. Mwalimu akaelewa, akapanda juu.

Mama akaniuliza jambo moja tu, kama huyo ni mwanamume. Nikamwambia ndiyo, na ana masharubu. Nikaanza kumpapasa mkono kutafuta mapigo.

"Babako alipokuya," akasema, "alisema maneno haya haya."

Sikuelewa. Nilidhani akili imemruka. Nikamuuliza alikuja wapi.

"Hapa. Dakani. Alilia matozi hadi kanzu ikarowa. Nikasema huyu yuwaigiza, waume hawalii hivi. Nikaingia ndani, nikafungulia Bibie."

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Mama akaeleza kama anayesoma kwa tabu. Baba alimwacha yule mke wa Arabuni, akarudi kuomba radhi. Alikaa dakani kwetu alasiri ile yote, na zilizofuata, mpaka watu wakaona haya kupita. Mtaa mzima ulimwona. Wakamhurumia mama, wakakubaliana kwa kimya kwamba mimi nisiambiwe. Nikakumbuka samaki wakavu wa Kiunga.

Nikamuuliza kama ndiyo ile siku tuliyocheza. Nilijua jibu, na bado niliuliza.

"Si mimi aliyekuwa akimwita," mama akasema. "Alikuwa akikwita wewe. Nikaongeza sauti usisikie."

Nilimchukia mama yangu. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimtazama, mzee, kipofu, amejifunga leso yake mpya, nikamchukia. Ile siku yangu moja ya furaha, niliyoizungusha kwa wanangu kama peremende, mtu alikuwa nje ya mlango anataja jina langu. Na mimi ndani nimejitupa mkekani, nacheka sauti ya mwanamume.

Ningefungua kinywa ningesema maneno ambayo hayarudi. Mama alikuwa analia bila sauti, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na alikuwa akisema peke yake, si kwangu, kwamba ndani alimhurumia mwanamume asiyemjua, na wa kwake akamfungia nje.

Sindano ilikuwa imefika mwisho, inakwaruza. Niliinuka kwa sababu nilihitaji kufanya kitu kwa mikono. Niliuanza wimbo tena, na swichi niliiacha pale pale kwenye alama ya santuri ndogo. Nilimtaka Bibie. Nilitaka aje aimbe kama zamani, mbio, kwa ile sauti yake nyembamba, aninyang'anye habari niliyoisikia. Akaja. Akaomba afunguliwe kama alivyoomba siku zote.

Mama akainua mkono.

"Toa hiyo," akasema. "Mwate aseme kwa sauti yake."

Nikamwacha. Nikaisukuma swichi kwenye alama ya santuri kubwa, nikairudisha sindano mwanzo wa wimbo. Gita likaanza upya, polepole, na mwanamume akaomba afunguliwe mlango.