Nilivyosafisha Uwanja wa Fumba

Andika, Zuhura mjukuu wangu. Baba yangu ni Makame Haji, mama yangu ni Mosi Juma. Nilizaliwa Kidichi, na magugu hayajapata kunishinda.

Mwezi uliopita baba yako, mtunza bustani wa nyumba mpya kule Fumba, alishikwa na homa. Nikahofia asije akapoteza kazi, nikaenda kumshikia nafasi. Mwenye nyumba alinionesha uwanja uliokuwa ndio kwanza unaota.

"Shikamoo, bibi. Toa magugu tu, nilichopanda kiache."

"Marahaba. Nakijua."

Alipoondoka, sikutulia. Kila gari lilipopita nilidhani anakuja kunikagua, nikazidi kuharakisha. Nikang'oa nyasi zote, moja moja. Mboga, mchicha na mchunga, niliziacha, nikazimwagilia maji, nikajisifu moyoni.

Jioni akarudi, akaduwaa.

"Bibi, nyasi zangu ziko wapi?"

"Nimezimaliza, mwanangu. Hata mzizi haukubaki."

"Ndizo nilizozipanda! Mbegu zimetoka ng'ambo!"

"Nyasi? Mtu mzima na akili zake anapanda nyasi?"

Akashika kichwa. "Mwanao akipona aje apande upya. Wewe, bibi, usirudi."

Andika kwamba baba yako hakufukuzwa. Hilo la mimi kuambiwa nisirudi, lifute. Hapana, liache. Futa pale nilipojisifu.