Kisa cha Nabii Ibrahim Nilichokiacha Nusu

Kazi yangu nyumbani kwa dada yangu, hapa Mishomoroni, ni kukaa. Wenzangu hutoka; mimi hubaki na kochi, na kochi halijawahi kunilalamikia. Kwa kuwa nipo tu, dada alinikabidhi binti yake wa miaka mitano, mwanawe wa pekee, niwe namsimulia visa vya Mitume baada ya alasiri. "Angalau mdomo wako upate kazi," alisema.

Nikajiona fundi. Siku chache kabla ya Idi ya kuchinja nilianza kisa cha Nabii Ibrahim: alivyoota anamchinja mwanawe, alivyomweleza, na mtoto alivyomjibu babake atende alivyoamrishwa, inshallah atamkuta ni mwenye subira. Nikafika pale mtoto amelazwa kifudifudi, kisu ki tayari. Hapo nikanyamaza. Mbinu hiyo nimejifunza kwenye tamthilia za televisheni: kata panapowasha, kesho watarudi.

"Kisha, mjomba?"

"Kesho, inshallah."

Nikaenda zangu kunywa chai, najisifu.

Asubuhi yake shemeji alirudi kutoka bandarini, zamu ya usiku kucha, akaenda kujilaza kama desturi. Hakulala. Kila akifumba macho, binti yake anamfumbua kope kwa vidole.

"Baba, usilale."

"Nimechoka, mwanangu."

"Usilale, baba. Tafadhali."

Alimtoa chumbani mara tatu, na mara tatu akarudi. Saa nne shemeji akaja sebuleni, macho mekundu kama pilipili. Jikoni nako dada alikuwa akitafuta kisu cha kukatia vitunguu. Alikikuta ndani ya pipa la mchele, kimezikwa mpaka mpini.

Akamwita bintiye.

"Abee, mama."

"Nani kazika kisu changu?"

Mtoto alimtazama babake, akajificha nyuma ya dera la mamake. "Baba akilala ataota," alisema.

Shemeji hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani kochi linimeze. Dada akanigeukia taratibu. "Ewe, umemwambia nini mtoto?"

Nikaeleza.

"Umemwacha mwanangu na kisu shingoni, ukaenda kunywa chai?" shemeji aliuliza. "Kidato cha nne chote hicho, kumaliza kisa kimoja kumekushinda?"

Maneno yake nilistahili. Kilichoniuma ni pale aliponyoosha mkono amshike binti yake, na mtoto akaukwepa.

Nikashuka sakafuni, nikamaliza. Nikamwambia kwamba Mwenyezi Mungu alimwita Nabii Ibrahim, akamjulisha kuwa ndoto ameshaitimiza, na mtoto akakombolewa kwa mnyama wa kuchinjwa. Hakuguswa hata unywele.

"Kabisa?"

"Kabisa, wallahi."

"Na baba za watu wakiota?"

Hapo elimu yangu ikakomea. Shemeji ndiye aliyechuchumaa mbele yake. "Ile ilikuwa ndoto ya Mtume, mwanangu. Mimi huota makontena tu."

Mtoto akatoa uso nje ya dera. "Yana nini ndani?"

"Sijui. Kila nikikaribia kuyafungua, mtu ananiamsha."

Akamkazia macho babake kwa muda mrefu, kama afisa wa forodha. Kisha akamshika kidole.

"Haya, twende ukalale," akamwambia, akimvuta kuelekea chumbani. "Ukiamka uniambie."