Jina Lililokwanguliwa kwa Wembe

Mume wangu, Octavian Tadeo, alifundisha kuchora katika shule za msingi za Nachingwea kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuletewa hata penseli moja ya rangi. Tulihamishiwa huku kutoka Kagera mwaka 1989, sote wawili walimu wa Daraja la Tatu A. Mimi nilipewa hesabu na, kwa sababu ya mwandiko wangu, madaftari ya mahudhurio ya shule nzima.

Mwalimu yeyote wa enzi zile anajua namna ya kuondoa kosa la wino katika daftari la mahudhurio. Unalaza wembe juu ya karatasi, unakwangua taratibu, kisha unasugua kwa ukucha mpaka pawe laini. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wakaguzi walipita wasione kitu.

Mwaka 1993 zilifika madukani bablishi, pipi za kutafuna, zenye kadi ndani, ngumu kama jalada la daftari, kila kadi na picha ya mchezaji wa mpira wa Ulaya. Octavian hakujali wachezaji. Alichokitamani ni ile karatasi. Aliwaomba wanafunzi kadi zilizokunjika pembe, akazichora upya. Rangi alizitengeneza mwenyewe: wino mwekundu wa kusahihishia, bluu ya kufulia, masizi ya sufuria, na mafuta ya ganda la korosho, ambayo huunguza ngozi lakini yakikauka hutoa kahawia isiyofutika. Vidole vyake viwili vilikuwa vimebabuka siku zote. Golikipa wa Kiitaliano alivishwa khanga, akawa anadaka papai. Mshambuliaji akapandishwa baiskeli yenye gunia la ufuta, anapanda kilima cha Lionja ulimi nje. Hakuna kadi iliyofanana na nyingine. Chini, upande wa kulia, aliweka sahihi: O. Tadeo, Nachingwea, na mwaka. Kadi hizo alimpa mwanafunzi aliyepata hesabu zote. Hesabu zangu mimi, si michoro yake.

Nilimwambia haimpendezi mwalimu kuweka sahihi kwenye makaratasi ya bablishi.

"Justa," akasema, "mtoto akipewa kitu chenye jina, anajua kuna mtu alikaa chini akamfanyia."

Watoto wakazichezea. Mmoja anaweka kadi chini, mwenzake anaipiga kwa kiganja. Ikigeuka, ni yake. Wakubwa wa sokoni wakaiga, wakaanza kuwekeana dau, na jina la mume wangu likawa linapigwa viganja vumbini kila siku ya mnada.

Alifariki Agosti 1998, kwa homa ya siku nne. Makaburini, kabla udongo haujarudishwa, alisimama Saburi, jirani yetu Mmwera aliyejifanya mtani wa Octavian tangu tulipofika. Alikuwa ameinua kadi juu.

"Mwalimu, unaondoka na karata zote, sisi tucheze nini? Inuka kwanza tugawane."

Watu walicheka. Shemeji yangu Benedikto, aliyesafiri siku tatu kutoka Bukoba, aliniinamia sikioni. "Shemeji, kumbe kaka alikuwa mcheza kamari?"

Miaka mingi baadaye Saburi mwenyewe alinieleza kwamba huku mtani anayenyamaza msibani ndiye anayemtukana marehemu. Yeye siku ile alikuwa anamheshimu. Lakini siku ile nilisikia kitu kimoja tu, jina la nyumba yetu likizikwa likiwa chafu.

Nikaanza kuzitafuta. Mwaka mzima wa 1999, kila likizo, nilikwenda Lionja, Likunja, Nandagala hadi Ruangwa mjini, nikabadilishana na vijana: kadi moja kwa daftari moja jipya. Nilipata sabini na tatu. Kuzichoma sikuweza, maana mkono ulikuwa wake. Nilikaa na wembe, nikakwangua jina, moja baada ya jingine, nikasugua kwa ukucha.

Aliyekataa ni mmoja, Rashidy, mwanafunzi wangu wa zamani aliyekuwa ananunua ufuta Ruangwa. Aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akasema daftari hahitaji. Kadi ile aliandikiwa akiwa amesimama pale pale mezani kwa mwalimu, na jina lake mwenyewe lilikuwa nyuma.

Mwaka 2006 alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, Eustakio, mkusanyaji wa kadi za wachezaji. Alikuwa ameiona ile ya Rashidy. Alinieleza kwamba huko nje kuna watu wanaotafuta kadi zilizobadilishwa na msanii kwa mkono wake. Kadi za kawaida zimechapwa kwa maelfu, hazina thamani. Mtu akiichora upya akaweka sahihi, inakuwa kitu kimoja kisicho na pacha, na hapo ndipo wanaigombea. Isiyo na sahihi inabaki karatasi iliyochafuliwa na mtoto. Alitaka kuzionyesha Dar, chini ya jina la Octavian Tadeo wa Nachingwea.

Aliuliza kama ninazo. Nilisema ninazo sabini na tatu, aje wiki ijayo.

Wiki ile nilichukua kalamu ya mume wangu. Mwandiko wake niliujua kuliko wangu. Nilijiambia kwamba huku si kughushi. Jina ni lake, kadi ni zake, mimi narudisha nilichokiondoa. Lakini karatasi iliyokwanguliwa hunywa wino. Hilo nililifundisha mimi mwenyewe kwa walimu wageni. Nilisugua mpaka ukucha ukatoa damu.

Eustakio aliporudi aliinua kadi ya kwanza dirishani. Chini ya jina, pale wembe ulipokula karatasi, mwanga ulipita. Akachukua ya pili, ya tatu. Alipofika ya kumi alizipanga vizuri mezani, kama mtu anayerudisha mali ya wenyewe.

"Mama, nani aliandika majina haya?"

Ningesema ni mimi, ningelazimika kusema na wembe, na kamari, na maneno ya makaburini. Niliogopa kuitwa mjane, tena mwalimu, aliyeghushi sahihi ya mumewe.

"Ni yeye," nikasema. "Ndivyo nilivyozikuta."

Alipitisha kidole juu ya sahihi. "Basi hapa palikwanguliwa jina la mtu mwingine, na ile ya Ruangwa siwezi kuiamini tena."

Alisema bila ukali kwamba wakusanyaji huambiana. Jina likishaonekana kwenye sahihi ya bandia, hakuna atakayeligusa. Akamaliza soda yake, akashukuru, akaondoka. Mimi nikabaki nimekaa, nimemfanya mume wangu kuwa mghushi wa jina lake mwenyewe.

Nilimwandikia Eustakio ukweli wote, barua tatu, kwa sanduku la posta aliloniachia. Hakuna jibu lililokuja. Kisha nikapanda gari kwenda Ruangwa.

Rashidy alikuwa anapima ufuta. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alifunga gunia kwanza, akanawa mikono, akaitoa kadi kabatini.

"Yule bwana alipita hapa akaniambia mbele ya watu kwamba nimeandika mwenyewe," alisema. "Nikamjibu, nenda kwa mjane wake, yule mama hasemi uongo. Akaniambia ndiko anakotoka."

Sikuweza kumtazama. Akaniwekea kadi mkononi.

"Ichukue, mwalimu. Mimi nilikuwa na shahidi mmoja tu."

Ninayo hapa. Ni ya mwaka 1994, mlinzi wa Kijerumani aliyegeuzwa mama anayebangua korosho, moshi machoni. Nyuma kumeandikwa: Kwa Rashidy, kumi kwa kumi. Nimeiinua dirishani mara nyingi. Mwanga haupiti popote. Wa kuja kuitazama hayupo.